Somo: Kuingia mbio za barabarani Dodoma ukiwa mtu mzima

Kila ikikaribia Juni maswali ni yale yale: mimi ni mtu mzima, nina kazi, nina kitambi, naweza kuingia mbio za mwaka huu? Unaweza. Mbio zetu nyingi hazimuulizi mtu ana kipaji gani. Zinataka jina, ada na saizi ya fulana. Kinachowaumiza watu wa umri wetu si mapafu, ni haraka. Haraka ya kuchagua umbali mkubwa, haraka ya kuongeza mazoezi, halafu haraka ya kilomita ya kwanza. Nitarudia hilo mpaka mnichoke.

Hatua ya 1: Chagua umbali kabla ya kulipa

Tangazo likitoka utakuta kilomita 5, 10, 21 na pengine 42. (Zile ndefu zikipimwa sawasawa ni 21.0975 na 42.195.) Kilomita 5 siku hizi ni matembezi ya familia: watu wanapiga picha, wanashikana mikono na watoto, ofisi nzima inatembea nyuma ya bango lake. Inapendeza, ila anayetaka kujipima hapati hata njia ya kupita. Ya 21, kwa mtu anayeanzia sifuri, inataka miezi 3 hadi 4 ya mazoezi yasiyokatika, na watu wengi wanajisajili zikiwa zimebaki wiki 6. Mimi naipigia debe ya 10. Ni ndefu kiasi cha kukulazimisha ufanye mazoezi, na ukiikosea hutachechemea mwezi mzima.

Atakayekucheka ofisini, "kumi tu?", muulize yeye amejisajili ngapi.

Hatua ya 2: Usajili

Jisajili mapema, lipa kwa simu kwa kontro namba uliyopewa, na usifute ujumbe wa malipo mpaka namba yako ya kifuani iwe mkononi. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Umri nao usipunguze. Kimataifa wakimbiaji wakongwe wanaanza kuhesabiwa miaka 35, na wanagawanywa kila baada ya miaka 5: 35 hadi 39, 40 hadi 44, na kuendelea. Waulize waandaaji kama wana zawadi za makundi hayo. Huenda mtu wa miaka 52 ana nafasi ya jukwaani asiyoijua.

Soma pia muda wa mwisho wa njia kufungwa. Na namba yako usimpe mtu, hata shemeji yako. Akizimia njiani, watu wa huduma ya kwanza watasoma jina lako na kuwapigia ndugu zako.

Hatua ya 3: Mazoezi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku 3 kwa wiki zinatosha: mbili fupi, moja ndefu. Anza na dakika 30 za kukimbia na kutembea kwa zamu, dakika 2 mbio, dakika 2 miguu. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kumaliza sentensi nzima bila kuhema, uko sawa. Ukijibu neno moja moja, punguza. Wengi wanaona aibu kwenda taratibu hivyo, hasa wakipitwa na vijana wa chuo. Waache wapite.

Sasa sikiliza hili. Moyo na pumzi vinaanza kuzoea ndani ya wiki chache. Kano za kisigino, magoti na mifupa ya ugoko vinahitaji miezi. Ndiyo maana wiki ya 4 au ya 5 mtu anajisikia simba, anaongeza mwendo na umbali kwa pamoja, na wiki inayofuata anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Ukijisikia simba, baki ulipo wiki nzima. Umbali uongeze kidogo kidogo, na kila wiki ya 4 upunguze ili mwili ujijenge.

Kuhusu njia: upepo wetu wa kiangazi unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukitokea mjini, elekea upande wa Nzuguni kwanza ukiwa na nguvu, upepo usoni, ili urudi ukiwa nao mgongoni. Wanaoanza kwa kusukumwa na upepo hujiona hodari hadi wanapogeuka. Kwa vilima, barabara za ndani ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hazina mpinzani. Mara moja kwa wiki panda taratibu, shuka taratibu zaidi, maana kushuka ndiko kunakoumiza magoti.

Barabarani kimbia upande wa kulia, ukiyaona magari yanayokuja. Julai jua linachomoza karibu saa moja kasoro dakika 10 asubuhi, kwa hiyo ukitoka saa 11 na nusu bado ni giza: vaa kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda. Dada zangu, tokeni wawili au zaidi. Ukikatiza viwanjani angalia mbigiri, zinapenya soli nyembamba.

Hatua ya 4: Raba na nguo

Raba za mtumba sizikatazi, soko la Sabasaba zipo nzuri. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo, imekufa hata kama juu inang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba, la sivyo kucha itageuka nyeusi. Siku ya mbio usivae kitu kipya, pamoja na fulana waliyokupa, kama hujakimbia nayo hata mara moja. Paka Vaselini kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Kaka zangu msicheke, mtanikumbuka mkioga.

Hatua ya 5: Usiku na asubuhi

Usiku kula wali au ugali wa kawaida, mboga kidogo. Ugali wa uwele na mlenda naupenda kuliko mnavyodhani, lakini una nyuzinyuzi nyingi na maharage yana gesi. Viache hadi mchana wa baada ya mbio. Asubuhi kunywa uji mwepesi, ikiwa imebaki muda wa saa 2 kabla ya kuanza. Pini 4, si 2, maana upepo utaipepea namba. Fika mapema, foleni ya choo ni ndefu.

Hatua ya 6: Kilomita ya kwanza

Simama nyuma. Kengele au bastola ikilia, mia mbili wa kwanza wataondoka kama wanakimbia moto, na robo yao utawakuta wanatembea kilomita ya 4.

Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni (ile kilomita 42), Alphonce Simbu wetu wa Singida alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros mpaka hatua za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ya mstarini ndiyo iliyompa dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Najua kuna atakayenitajia Juma Ikangaa, mzaliwa wa huku huku Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York 1989 kwa saa 2:08:01 na aliyezoea kukaa mbele mapema. Ni kweli. Ila Ikangaa alikuwa mwanajeshi mwenye miaka ya mazoezi mgongoni. Wewe una wiki 10.

Panga dakika 7 kwa kilomita, umalize 10 kwa dakika 70. Kilomita ya kwanza iende kwa dakika 7 na nusu. Ukifika ya 7 ukiwa bado unaweza kuongea, ndipo uwaonyeshe.

Maswali ya wanachama kutoka mitaa ya Dodoma

*Dada wa Nkuhungu: Nina presha na natumia dawa kila siku. Nijisajili?*

Dada, mwone daktari kwanza, mwambie wazi kwamba unataka kukimbia, na umtajie dawa zako kwa jina. Baadhi ya dawa za presha zinapunguza mapigo ya moyo, nyingine zinapunguza maji mwilini. Hilo linatuhusu wengi waliovuka 40 bila kupima, na wenye sukari pia. Kifua kikibana mazoezini, simama siku hiyo hiyo na uende hospitali.

*Kaka wa Ilazo: Goti linanisumbua. Nikimeza diklofenaki asubuhi ya mbio si nitamaliza?*

Usifanye hivyo. Dawa za aina hiyo pamoja na jasho jingi zinazitwisha figo mzigo, na zinaficha maumivu yaliyokuwa yanakuambia usimame. Goti linalohitaji dawa ili likimbie halijawa tayari.

*Mama wa Chang'ombe: Nakimbia na hijabu na nguo ndefu. Nitaruhusiwa?*

Ndiyo mama, wapo wengi. Chagua kitambaa chepesi kisichoshika jasho, kibane vizuri nyuma, na namba ibandikwe juu kabisa ionekane.

*Mzee wa Kikuyu: Nina miaka 63. Naogopa kuwa wa mwisho, watu wanisubiri.*

Shikamoo mzee. Sitakutajia Akhwari, Mtanzania aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akiwa ameumia, wenzangu watakutajia. Angalia muda wa kufunga njia. Ukikimbia dakika 3 na kutembea 1 tangu mwanzo, si tangu utakapochoka, saa moja na nusu kwa kilomita 10 inawezekana. Na wa mwisho wa kweli huwa ni kijana aliyeanza kwa fujo.

*Kaka wa Kisasa: Kichomi kinanikamata ubavuni kila mara.*

Mara nyingi ni chakula cha karibu au maji mengi kwa mkupuo. Punguza mwendo, toa pumzi yote nje polepole, bonyeza panapouma. Vituoni kunywa ukiwa na kiu, mafunda machache. Kujijaza maji kwa hofu ni hatari, chumvi ya damu inashuka.

*Dada wa Area C: Saa yangu ilisema 68, matokeo yakasema 71. Nimedhulumiwa?*

Hapana. Ulisimama nyuma, kama nilivyosema, ukachukua dakika 3 kuufikia mstari. Washindi wanapangwa kwa nani amefika mbele tangu bastola ilie. Muda wa chipu (kifaa kidogo kinachoanza kukuhesabia ukivuka mstari wa kuanzia), kama mbio zina chipu, ndio wako wa kujilinganisha nao mwakani.

*Kaka wa Nzuguni: Baada ya mbio nipumzike muda gani?*

Siku ya pili tembea dakika 20, usilale kitandani. Kwa kilomita 10 pumzika mbio wiki moja, kisha urudi kwa zile dakika 30. Na kama umeanza kuwaza ya 21, subiri mapaja yaache kuuma ndipo ujisajili.