Barafu, maji, mvuke: jaribio la sufuria moja

Hali tatu za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi, mwanafunzi huzikariri kwa dakika tano. Kinachomponyoka ni safari ya katikati, kitu kinapotoka hali moja kwenda nyingine. Mimi nafundisha sayansi Mbeya, na safari hiyo naionyesha kwa sufuria, birika na jiko.

Tafuta kipimajoto cha maabara kinachofika 110°C. Cha kupimia homa huishia 42°C. Kitapasuka, na kama ni cha zebaki utakuwa umemwaga sumu darasani.

Hatua ya 1. Twanga barafu iwe chengachenga, jaza nusu sufuria, ongeza maji baridi kidogo. Zamisha ncha ya kipimajoto bila kugusa chuma. Subiri kisome 0°C.

Hatua ya 2. Bandika kwenye moto mdogo. Mmoja akoroge bila kuacha, mwingine asome kila nusu dakika, wa tatu aandike. Sifuri. Sifuri tena. Sifuri. Kila mwaka kuna anayepaza sauti: "Mwalimu, kipimajoto kimekufa!" Usimjibu. Mwambie atazame sufuria: barafu inapungua. Joto linaingia, ila lote linaishia kuzilegeza chembe zilizoshikana, halibaki la kupandisha jotoridi, yaani ile namba ya kipimajoto. Hapa ndipo joto na jotoridi vinapoachana, na sijaona maelezo ya ubaoni yanayoshinda sufuria hii.

Kilo moja ya barafu hula kilojuli 334 ili iyeyuke. Joto hilo lingeyapasha maji ya uzito huohuo kutoka 0°C hadi karibu 80°C! Joseph Black wa Uskoti ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa makini miaka ya 1760.

Kipande cha mwisho kikiisha, namba inaanza kupanda. Mrudie yule aliyepaza sauti, aeleze yeye.

Hatua ya 3. Yaache maji yachemke. Namba itasimama tena, na huku kwetu haifiki 100. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, hivyo maji huchemka karibu 94°C. Ndiyo maana maharage huku yanachelewa kuiva kuliko Tanga.

Hatua ya 4. Mimina maji kwenye birika, yachemke tena, kisha wanafunzi wautazame mdomo wake kwa mbali. Panapotokea mvuke pana nafasi fupi isiyoonekana kitu, ndipo ule "moshi" mweupe unaanza. Gesi yenyewe ni hiyo nafasi tupu. Weupe ni vitone vya maji yaliyokwisha kupoa. Mkono usipite hapo kabisa: mvuke ukigeuka maji juu ya ngozi huachia joto zaidi ya mara tano ya lile linaloyapasha maji hayo kutoka 0°C hadi 100°C.

Hatua ya 5. Shika sahani baridi kwa koleo juu ya ule mvuke. Matone yatajikusanya na kudondoka.

Maji yakipoa, yatie kwenye chupa ya plastiki hadi nusu, chora mstari kwa kalamu, iweke kwenye friza usiku kucha. Asubuhi barafu itakuwa imeupita mstari, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9.