Namna ya kusoma historia ya makhalifa wa mwanzo bila kupotelea kwenye majina

Weka kando ile orodha. Wengi tulifundishwa hivyo: Abubakar, Umar, Uthman, Ali, kisha Muawiya, kisha wengine na wengine mpaka pumzi ikuishie. Mimi nasomesha historia hii watu wazima jioni, na kabla ya jina lolote huwapa swali moja: askari analipwa na nani, na hizo fedha zinatoka wapi? Ukilishika hilo, utaona wazi dola zilivyopanda na zilivyoshuka.

Chukua karatasi uchore safu tatu: mwaka, nani anatawala na yuko wapi, malipo ya jeshi. Mwaka uandike kwa Hijria na kwa Miladia, maana vitabu huchanganya. Kwa hesabu ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 halafu ongeza 622. Mwaka 132 unakupa 750, mwaka walioangushwa Bani Umayya, ukoo wa Muawiya. Hesabu hii huweza kupishana kwa mwaka mmoja, haidhuru.

Anza na 632, alipofariki Mtume (s.a.w.). Makabila kadhaa yalikataa kupeleka zaka Madina, na Sayyidna Abubakar akapigana nayo. Kisha zikaja zama za Sayyidna Umar (634–644): Yarmuk mwaka 636 iliwatoa Warumi Shamu, yaani Siria na jirani zake, Qadisiyya ikafungua Iraki, na kufikia 642 Misri nayo ilikuwa imeingia. Usiandike ushindi peke yake. Andika pia kwamba majirani wawili wakubwa, Rumi ya Mashariki na Uajemi wa Wasasani, walikuwa wametoka kupigana wao kwa wao tangu 602 hadi 628, wakabaki hoi.

Halafu andika jambo ambalo wengi huliruka. Umar hakuwagawia askari mashamba ya Iraki. Aliyaacha mikononi mwa wakulima wake walipe kharaji, yaani kodi ya ardhi, askari akawaweka kwenye miji ya kambi, yaani Basra na Kufa za Iraki na Fustat ya Misri, na akafungua diwani: daftari ambalo kila aliyeandikwa humo alipata posho yake, na waliotangulia kusilimu walipata zaidi. Daftari hilo ndilo lililoibeba dola. Ndilo pia lililozaa manung'uniko, kwani watu wa majimbo walianza kuhoji fedha walizozipigania zinaishia wapi. Waliomzingira Sayyidna Uthman nyumbani kwake mwaka 656 walitoka Misri, Kufa na Basra. Yatazame tena majina ya hiyo miji.

Kwenye fitina, vita vya Waislamu wao kwa wao, yaani Jamal (656), Siffin (657), kuuawa kwa Sayyidna Ali (661) na Karbala (680), soma taratibu na usimsome mwandishi mmoja. Sunni, Shia na Ibadhi kila mmoja ana masimulizi yake, na kuna watu wanaoyalilia mambo haya hadi leo. Kwa karatasi yako yatosha kuandika kwamba makao yalihama Madina yakaenda Kufa, kisha Dimashki ya Shamu, na kwamba Muawiya alikuwa na jeshi la Shamu alilolilea kwa karibu miaka 20 ya uliwali wake.

Ukifika kwa Abdulmalik bin Marwan (685–705), khalifa wa Bani Umayya, simama. Tafuta picha ya dinari ya mwaka 77 Hijria. Makumbusho makubwa yanazo mtandaoni. Ni kisarafu cha dhahabu cha gramu 4 na ushee. Hakina sura ya mtu. Katikati ya upande mmoja pameandikwa shahada, upande wa pili maneno ya Suratul Ikhlas, na pembezoni mwaka uliopigwa. Jina la khalifa halimo. Kiweke karibu na sarafu za miaka michache nyuma, zinazomwonyesha khalifa amesimama na upanga wake, mtindo ulioazimwa kwa Warumi. Zama hizohizo madaftari ya kodi, yaliyokuwa yakiandikwa Kigiriki na Kiajemi, yaligeuzwa kuwa ya Kiarabu. Kwangu mimi sarafu hiyo inafundisha kuliko vita vyote vya karne ile.

Sasa mporomoko wa Bani Umayya. Wasio Waarabu waliosilimu, mawali, mahali pengi waliendelea kutozwa kodi kana kwamba hawajasilimu, na vitani hawakulipwa sawa na wenzao. Umar bin Abdulaziz (717–720) alijaribu kurekebisha, lakini hakukaa sana. Waberber wa Maghrib wakaasi mwaka 740. Khurasan, mashariki ya Uajemi, mwaka 747, Abu Muslim akainua bendera nyeusi kwa ajili ya Bani Abbas, na mwanzoni mwa 750 jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya Dimashki, likavunjwa kwenye Mto Zab.

Baghdad ya makhalifa wa Bani Abbas, ya Mansur (iliyoanzwa 762) na ya Harun Rashid (786–809) utaisoma kwa raha zako, huhitaji mwalimu. Rudi kwenye karatasi pale wanawe, Amin na Mamun, wanapopigana na Baghdad inazingirwa (812–813). Baada yao Mutasim alinunua askari watumwa wa Kituruki, akawahamishia mji mpya wa Samarra mwaka 836. Hawakuwa na ukoo wala mji nchini; walichokuwa nacho ni mshahara. Ulipochelewa, makhalifa walikufa. Mutawakkil aliuawa 861. Mwaka 869 zamu ilikuwa ya Mutazz: mwanahistoria Tabari, aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba askari walidai dinari 50,000, naye akamwomba mama yake, Qabiha, aliyesema hana kitu. Wakamburuta nje wakamsimamisha juani, akawa anainua mguu huu na kushusha ule kwa joto la ardhi. Baadaye hazina ya mama ikafukuliwa, ikiwa zaidi ya mara kumi ya deni lile.

Mwaka huohuo Wazanj, watumwa waliosombeshwa udongo wa chumvi kwenye mabwawa ya Basra, waliasi, na hawakushindwa hadi 883. Misri ilikuwa tayari mikononi mwa Ibn Tulun, liwali aliyejitawala, tangu 868. Kwenye safu ya tatu andika: kodi za Misri na za kusini mwa Iraki hazifiki tena. Hazina ilipokauka, makamanda walianza kupewa haki ya kukusanya kodi wenyewe badala ya mshahara, na mwaka 945 Wabuwayhi, ukoo wa makamanda kutoka Uajemi, waliingia Baghdad wakamwachia khalifa kutajwa kwenye hutuba ya Ijumaa na jina kwenye sarafu.

Hapo chora mstari. Wanafunzi hupenda kumalizia na Hulagu, Mmongoli aliyeiteka Baghdad, na mwaka 1258, lakini Hulagu aliikuta Baghdad ambayo amri ya khalifa wake haikuvuka Iraki. Fatimi wa Afrika Kaskazini walishajitangazia ukhalifa wao 909, na Abdurrahman wa Tatu wa Qurtuba, Hispania, 929. Hao wachoree karatasi yao.