Kukaanga na kusaga kahawa mwenyewe kwa jiko la makaa, Lamu

Anza na nusu kilo ya buni mbichi, uigawe mafungu ya gramu 150. Fungu la kwanza huenda likaungua, kwa hiyo usianze na kilo nzima. Kahawa haioti Lamu; huletwa kutoka bara, Nyeri, Kirinyaga, Kiambu, Kisii au miteremko ya Mlima Elgon. Muuzaji akikwambia AA, AB au PB, anakutajia ukubwa na umbo la punje, si ladha. AA ndizo kubwa. PB ni zile za mviringo, ambazo tunda lilizaa punje moja badala ya mbili, na kwa anayekaanga kwa karai ndizo zinazosamehe zaidi, maana hubingirika zenyewe na haziungui upande mmoja. Mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na tunda lake, huuzwa rahisi na inafaa sana kwa kahawa chungu, ila hakikisha imeshakobolewa. Ikiwa bado na ganda, karibu nusu ya uzito unaolipia ni ganda tupu.

Buni nzuri ni ngumu kwa jino na inanukia nyasi kavu. Ikinuka ukungu au gunia bichi, iache dukani. Hakuna moto utakaoitoa harufu hiyo. Nyumbani iweke ndani ya kopo lenye kifuniko, kwani hewa ya bahari huitia unyevu, na buni yenye unyevu hukawia kugeuka rangi kisha hutoka imepooza.

Imwage kwenye sinia uichambue: toa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, vijiti na vijiwe. Usiioshe.

Karai na moto

Tumia karai la chuma kizito lenye upana wa sentimita 28 hadi 30, mwiko mrefu wa mbao, na nyungo mbili. Kikaango kisichogandisha hakifai, sababu utando wake huharibika kwa joto kali na kutoa moshi mbaya. Makaa yawe yameshika yote, yamefunikwa na majivu mepesi, hayana ndimi. Vifuu vya nazi vinawaka kwa fujo kisha vinazimika katikati ya kazi, viwekee samaki. Kwa anayejifunza, gesi ya moto wa kati ni rahisi zaidi kuliko makaa, hata kama wazee wa barazani watakucheka.

Kaangia uani, mahali palipokingwa upepo. Kusi likivuma, jiko hupanda na kushuka joto bila wewe kugusa kitu. Na kamwe usikaangie chini ya makuti, kwani maganda membamba ya kahawa huruka juu yakiwa na cheche.

Kukaanga

Pasha karai dakika 3 au 4, mimina buni, na tangu hapo mkono usisimame. Koroga kwa kuzoa kutoka chini kupeleka juu. Kuzungusha mwiko pembezoni tu huacha za katikati zikiungua.

Dakika 4 au 5 za mwanzo ni za kukausha. Buni mbichi ina maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12, na mpaka yapungue haitapata rangi. Itapauka, itakuwa manjano, na harufu ya nyasi itageuka ya mkate unaookwa. Ikifikia rangi ya mdalasini, maganda huanza kubambuka. Yapeperushe yatoke karaini, la sivyo yataungulia humo na kuitia kahawa ladha ya moshi.

Kati ya dakika ya 8 na ya 11 utasikia mlio wa kwanza, pa-pa-pa kama bisi. Ni mvuke na gesi vinavyopasua punje kutoka ndani, na joto lake hapo ni takriban nyuzi 200 za selsiasi. Ondoa vipande viwili vitatu vya mkaa mara hiyo, kwani kuanzia hapa rangi hubadilika kwa sekunde. Mlio ukiisha, baada ya dakika moja au mbili, kahawa inanyweka: ni ya kahawia, kavu, yenye uchachu wa matunda. Anayependa kahawa ya kuchuja na atoe hapo.

Kahawa chungu inataka kwenda mbele kidogo. Subiri mlio wa pili, ulio mwembamba na wa haraka zaidi, karibu na nyuzi 225. Ukianza, hesabu sekunde 20 hadi 30, utoe. Punje zitakuwa zimeanza kung'aa mafuta. Ukiongeza dakika nzima hapo, umetengeneza mkaa, na tangawizi haitaufunika.

Daima toa ikiwa imepungua rangi kidogo kuliko unayoitaka, sababu punje huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kwa hiyo usiiache karaini hata ukizima moto: mimina kwenye ungo, uhamishe kwenda ungo wa pili na kurudi, mbele ya upepo au feni, mpaka mkono uweze kuishika. Isizidi dakika 4. Makapi yaliyobaki yatapepeteka papo hapo.

Pima uzito. Gramu 150 zikikaangwa vizuri hubaki 120 hadi 130. Zikibaki zaidi ya 135, bado ni mbichi ndani. Zikishuka chini ya 115, umezipitisha.

Punje ikiwa na madoa meusi nje lakini ukiivunja ni hafifu ndani, karai lilikuwa moto mno mwanzoni. Rangi zikichanganyika, ulijaza sana au ulikoroga kivivu. Kahawa isiyo na harufu wala ukali, imekaa juu ya moto dhaifu. Kazi nzima isizidi dakika 15 hivi.

Kuihifadhi na kuisaga

Kahawa iliyotoka motoni hutoa gesi. Siku ya kwanza iweke ndani ya chupa au kopo, kifuniko kikiwa kimelegezwa; kesho yake kaza. Usiiweke kwenye friji unayofungua kila saa, kwani umande utaiharibu. Punje nzima hukaa na ladha yake wiki mbili hadi tatu. Ikishasagwa, ipe siku chache tu. Kwa hiyo saga ya kunywa leo.

Kinu cha mbao kinafaa, mradi hakikupondewa kitunguu thomu. Tia gramu 30 au 40, ponda kwa mapigo mafupi mpaka punje zivunjike, kisha sugua kwa kuzungusha mchi. Chekecha, rudisha chenga. Kwa dele, yaani birika la kuchemshia kahawa, unga ukiusugua vidoleni uhisi chembe lakini usiweze kuzitenga. Ukiwa vumbi kabisa hautui chini, na kikombe kitajaa matope. Mashine ya mkono yenye meno ya kusagia hutoa unga ulio sawa zaidi. Blenda nayo hufanya kazi: washa sekunde 5, zima, tikisa, rudia, ukiiacha iungurume mfululizo hupasha unga na harufu hupotea.

Kwa lita 1 ya maji, weka vijiko vikubwa 5 vya kahawa na kipande cha tangawizi kavu kilichopondwa, kisha chemsha kwa moto mdogo dakika 10. Iliki tia mwisho, dele likiwa linatolewa motoni, na uache dakika 3 machicha yatue kabla ya kumimina kikombe cha kwanza.