Jinsi ya kuishi na watu wagumu kijiwe cha drafti

Kama unacheza drafti vijiwe vya Mwanjelwa au Uyole, Mbeya, unawajua tu. Kuna mzee hachezi bila kete zake mwenyewe, vizibo 12 vya soda kavifunga kwenye kitambaa, ukivigusa siku imeharibika. Huyo usibishane naye, fika, msalimie kwanza "mwagonile baba", kaa, subiri akukaribishe, mtacheza mpaka jua lizame na baridi iwafukuze.

Mgumu kweli ni yule anayerudisha kete. Ashaachia mkono, kaona unamla mbili, eti "nilikuwa nafikiria tu". Mi zamani nilikuwa napandisha sauti, naishia kurudi geto na hasira na gemu haijaisha (ujinga tu). Siku hizi kabla hatujaanza namwambia mbele ya watu, kete ikiachiwa imeachiwa na kula ni lazima, tumeelewana? Akikubali mashahidi wapo, akizingua watazamaji wenyewe watamzomea, we nyamaza ule kete zako.

Wale wa pembeni wa "sogeza hiyo we!" wapotezee. Akizidi mpishe akae yeye, wengi hapo ndo wanakumbuka wana mahindi ya kupeleka mashineni.