Ausbildung (mafunzo ya kazi) Ujerumani: namba yako ni ya mwaka ulioanza

Januari 2025 nilimfuata bosi wangu, saluni moja hapa Leipzig, simu mkononi: jedwali la malipo ya chini linasema mwanagenzi asilipwe chini ya yuro 682 kwa mwezi, mbona mimi napata 620? Nilitoka nimenywea. Ile 682 haikuwa yangu. Ila kumbe hata 620 haikuwa yangu.

Kwa hiyo kabla hujagombana na mtu, toa mkataba utafute tarehe ya kuanza mafunzo. Sheria hii ya malipo ya chini ni ya mikataba iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Wanaoanza 2023 wana 620, 2024 wana 649, 2025 wana 682, 2026 wana 724. Namba uliyoanza nayo unakwenda nayo hadi mtihani wa mwisho. Jedwali jipya ni la wanaoingia sasa. Na ule mshahara wa chini wa kwa saa, usahau, hautuhusu wanagenzi.

Kinachokupandisha ni mwaka wako wa mafunzo. Chukua namba ya kuanzia: mwaka wa pili ongeza asilimia 18, wa tatu 35, wa nne 40. Mimi nilianza Septemba 2023, basi tangu Septemba 2024 nilistahili 731.60. Nikatandaza slipu nne kitandani, nikasoma mstari wa Brutto (usisome kilichoingia benki, bima zimeshakatwa). Zote 620. Mkataba wenyewe ulikuwa umeandika 731.60 wazi kabisa. Hakuna aliyeufungua tena, mimi nikiwamo.

Niliandika barua ya mistari mitano: tarehe ya kuanza, miezi minne, pungufu 111.60 kila mwezi, jumla 446.40. Hasira niliiacha nyumbani. Wiki mbili kimya, nikamwandikia mshauri wa mafunzo wa Handwerkskammer (chemba ya mafundi), ambako mikataba yetu ya ufundi imesajiliwa. Wa hoteli na maduka, nyie nendeni IHK (chemba ya viwanda na biashara). Slipu ya Februari ilikuja na malimbikizo.

Ukipewa chumba na chakula, mwajiri anaweza kuhesabu thamani yake ndani ya malipo, lakini isizidi asilimia 75. Na dada zangu wa uuguzi mnaonitumia slipu zenu: jedwali hili si lenu, nyinyi mna sheria yenu.