Jinsi ya kuhoji fedha za kijiji

Nchini Tanzania, Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi 3, na mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhoji. Siku chache kabla, nakili taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Isipobandikwa, mwandikie mtendaji wa kijiji kuiomba. Baki na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri.

Mkutanoni usiseme tu "fedha zimeliwa", hoja hiyo huzimwa haraka. Taja mradi, tarehe na kiasi, kisha omba stakabadhi na hati ya malipo. Linganisha mifuko ya saruji iliyolipiwa na iliyoingia stoo. Upungufu huonekana hapo mapema. Swali na jibu viingie kwenye muhtasari wa mkutano, la sivyo ukipeleka malalamiko, halmashauri ya wilaya haitakuwa na pa kuanzia.