Shindano la jimnastiki bila ukumbi: mwongozo kwa shule na vyuo vya Mtwara na Lindi

Timu mbili, magunia ya korosho yaliyokwisha kazi, kipande cha ufukwe au uwanja wa nyasi, na karatasi za alama: hivyo vinatosha kufanya shindano la jimnastiki ya sakafuni na kuruka. Kinachokwamisha vikundi vingi si ukosefu wa vifaa. Ni vijana kukimbilia samasoti ya nyuma waliyoiona kwenye simu kabla hawajajua kutua. Kwa hiyo hapa tunaanzia mwisho wa mruko, kwenye kutua, ndipo tufike kwenye alama.

Chagueni mfumo wa vyuo vya Marekani

Kimataifa, tangu 2006, mchezaji hupewa alama mbili zinazojumlishwa: ya ugumu, isiyo na kikomo, na ya utekelezaji, inayoanzia 10 na kukatwa kwa kila kosa. Ndiyo maana Kaylia Nemour wa Algeria alipotwaa dhahabu ya fito za juu na chini kwenye Olimpiki ya Paris 2024, ubao ulisoma 15.700.

Vyuo vikuu vya Marekani, upande wa wanawake, vimebaki na mfumo wa zamani, ambao kikomo chake ni 10. Kila timu hupeleka wachezaji sita kwenye kila kifaa, na alama tano bora ndizo huhesabiwa. Vifaa ni vinne (kuruka, fito, boriti na sakafu), hivyo jumla ya juu kabisa ni 200. Kuanguka hukatwa 0.5, wakati kimataifa hukatwa 1.0. Kwenye fainali ya Aprili 2025 Oklahoma ilishinda kwa 198.0125, na nyuma yake Missouri na Utah zilitenganishwa na 0.0125 tu kwa nafasi ya tatu. Pengo dogo namna hiyo kisigino kimoja kilichosogea kinalijaza.

Kwa wanaoanza, mfumo wa vyuo ni bora, na hapa hatuoni haja ya mjadala mrefu. Ugumu ukilipwa bila kikomo, kijana wa kidato cha tatu atajirusha asichokiweza ili apate alama. Kikomo kikiwa 10, njia pekee ya kupanda ni usafi. Tena, kwa kuwa alama ya sita huachwa, kila timu inaweza kumwingiza mgeni mmoja bila kuogopa kuzama.

Jambo moja la kuazima kwa uangalifu: huko si kila zoezi huanzia 10. Mwaka 2016 mruko uliozoeleka mno, uitwao Yurchenko wa mzunguko mmoja (huanza kwa gurudumu la kufunga miguu kwenye ubao wa kurukia), ulishushwa thamani ya kuanzia hadi 9.95. Ninyi msifike huko. Wapeni wote zoezi lile lile, lianzie 10, basi.

Godoro la kutulia

Tafuteni magunia 24 ya ukubwa wa kawaida, kama mita 1 kwa sentimita 70. Yatatoa magodoro mawili. Kama yalibeba korosho ghafi, yageuzeni ndani nje, yakung'uteni, yafueni kwa sabuni na kuyaanika. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na kipande kimoja kilichobaki kwenye mshono kinaweza kuacha malengelenge mgongoni mwa mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo msijaze maganda ya korosho hata kama yamerundikana bure kiwandani.

Jazeni magunia 12 maranda ya seremala na 12 makumbi ya nazi. Makumbi yapondwe kwa nyundo ya mbao hadi nyuzi ziachane, yakung'utwe vumbi, yaanikwe siku mbili au tatu za jua kali. Yakiwekwa na unyevu huoza na kuvuta wadudu. Pumba za mpunga hazifai, zinateleza na kukimbilia pembeni. Sufi ni laini, lakini hulala bapa upesi na hushika moto kirahisi mno.

Kila gunia lijazwe theluthi mbili tu, kisha lishonwe mdomo kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, mishono isizidi sentimita 3. Likijazwa kabisa linakuwa gumu kama gogo. Pangeni magunia sita ya maranda chini, mawili kwa matatu, na sita ya makumbi juu yake yakielekea upande mwingine ili viungio visikutane. Fungeni kwa kamba pande zote. Mtapata godoro la karibu mita 1.8 kwa 1.7. Unganisheni mawili, yafungwe kwa nguvu, maana mguu ukizama kwenye mwanya katikati ndipo kifundo huvunjika.

Juu yake tandikeni jamvi la miyaa, halafu turubai nzito iliyovutwa na kufungwa chini. Jamvi si pambo. Bila kitu kigumu kidogo juu, mguu huzama upande mmoja na kifundo hupinda. Jaribuni kwa mtu mzima wa kilo 70 kuruka kutoka urefu wa sentimita 60: kisigino kikihisi ardhi, ongezeni tabaka. Mvua ikinyesha ingizeni ndani, na kila wiki fungueni kamba mkakung'ute magunia. Nge hupenda sehemu kama hizo.

Mahali na wakati

Sakafu rasmi ni mita 12 kwa 12. Ninyi tumieni ukanda wa mita 12 kwa 2 wa nyasi zilizofyekwa, au mchanga mkavu uliopigwa reki, na mistari ya chokaa pembeni. Ufukweni, mchanga mkavu wa juu unafaa kubiringika lakini hunyonya mbio. Ule ulioloana karibu na maji unafaa mbio, ila ni mgumu kutulia na huwa na mteremko. Mkimbiaji akimbie sambamba na maji, si kuyaelekea. Pitieni ukanda mzima kwa mikono kabla ya kuanza: vipande vya chaza, chupa na ndoano za wavuvi havionekani ukiwa umesimama.

Angalieni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 jioni, saa ile ile wanafunzi wanapotoka darasani. Mazoezi ya jioni ufukweni pangeni siku za maji mafu. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hamieni uwanja wa shule. Mchanga unaoingia machoni mtu akiwa amesimama kwa mikono ni hatari kweli.

Kutua, wiki mbili za kwanza

Msifundishe kingine hadi hiki kikae. Mchezaji asimame juu ya benchi la sentimita 30, aruke wima, atue hivi: miguu upana wa nyonga, vidole viguse kwanza kisha kisigino mara moja, magoti yakunjwe na kuelekea zilikoelekea ncha za vidole vya miguu, kifua juu, mikono mbele, macho kwenye kitu kilicho mbele yake. Ashikilie hapo kwa hesabu mbili bila kusogea.

Makosa ni machache na kila moja lina sababu yake. Magoti yakigongana ndani, nyonga ni dhaifu: rudini kwenye kuchuchumaa mara 10 kwa seti tatu, huku amefungwa kamba laini ya mpira juu ya magoti, aisukume nje. Kosa hili msilifumbie macho hata kidogo, maana ndilo hukata kano za goti. Akitua na magoti yaliyonyooka, mshtuko wote unakwenda mgongoni. Mwambieni atue bila sauti. Akianguka mbele, alikuwa akitazama chini. Akianguka nyuma, aliacha mikono ibaki nyuma ya nyonga.

Apande benchi la sentimita 60 tu pale atakapotulia mara nane katika kumi.

Zoezi la sakafuni

Vitendo vitano, visizidi sekunde 60: kubiringika mbele hadi kusimama; kusimama kwa mikono kwa sekunde moja; gurudumu la ubavu; gurudumu la kufunga miguu, yaani linalomalizika kwa miguu yote miwili pamoja; mwisho kuruka na kugeuka nusu, kutua na kushikilia. Samasoti ya angani hairuhusiwi, na anayeifanya aondolewe kwenye shindano.

Kubiringika: kidevu kifuani, kisogo ndicho kiguse, si utosi. Asiyeweza kushika leso kati ya kidevu na kifua asibiringike bado. Kusimama kwa mikono kuanze kwa kutazama ukuta: anatembeza miguu juu ya ukuta, mikono upana wa mabega, viwiko vimefungwa. Msaidizi akae ubavuni, ashike mapaja, kamwe asisimame mbele, atapigwa kisigino usoni. Na kila mmoja ajue kutoka kabla ya kujua kukaa: akizidiwa, atoe mkono mmoja hatua moja na ageuke ubavu.

Mavazi ni suruali ya kubana na fulana iliyochomekwa. Hijabu ya michezo inaruhusiwa, iwe bila pini, na jaji asikate chochote kwa ajili yake. Hereni na bangili zivuliwe.

Kuruka

Mbio za mita 10, kuweka mikono kwenye sanduku la mbao la sentimita 60, miguu ije kuchuchumaa juu yake, kisha kuruka wima na kutulia kwenye godoro. Sanduku liwe pana chini kuliko juu na lichimbiwe sentimita 10, la sivyo litasukumwa mbele. Tairi la kuzikwa nusu, linalotumiwa na vikundi vingi vya sarakasi, liacheni. Humrusha mtu kadiri alivyolikanyaga, na hakuna anayelikanyaga vilevile mara mbili.

Alama

Majaji wawili, pande mbili zinazotazamana, bila kuongea. Wastani wa alama zao ndio alama ya mchezaji. Zikipishana zaidi ya 0.3, waitane. Makato yaliyorahisishwa:

- kusogeza mguu kidogo wakati wa kutua: 0.1
- hatua kubwa: 0.2
- magoti au viwiko kukunjika: 0.1 hadi 0.3
- kukanyaga nje ya mstari: 0.1
- kuanguka au kugusa chini kwa mkono: 0.5
- kuacha kitendo: 1.0

Jaji aandike kila kato palepale, asisubiri mwisho akakadiria. Anayekadiria huwapendelea wa mwisho, kwa kuwa ndio anaowakumbuka.

Mfano: timu ikipata 9.40, 9.25, 9.10, 8.95, 8.70 na 8.10 sakafuni, acheni 8.10. Jumla ni 45.40 kati ya 50. Ongezeni ya kuruka, mpate jumla kati ya 100.

Siku yenyewe muwe na barafu ya wavuvi kwenye ndoo. Kifundo kilichoteguka kifungwe barafu ndani ya kanga kwa dakika 15 hadi 20, na mguu uinuliwe. Aliyeangukia kichwa au shingo asiinuliwe, asikalishwe, asipewe maji: abaki alivyo hadi wahudumu wafike. Namba ya dharura ya hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kama mko Lindi, iandikwe juu ya karatasi ya alama tangu asubuhi, na gari liwe uwanjani.

Timu zikilingana jumla, rudisheni alama ya sita ya kila moja. Zikilingana tena, hesabuni miruko iliyotulia bila kusogea. Yenye mingi ndiyo mshindi.